Pipa la Makaa ya Mathenge

Mvua za mwaka juzi zilikata barabara ya Garissa mjini na ile ya kwenda Hulugho, na kuni zetu zote zikalowa. Majirani walililia unga. Sisi tulililia kaa la moto.

Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, meno yalishamwishia. Chakula chake ni maziwa ya ngamia, na hayanywi mpaka yatoke kwenye dhiil, chombo chetu cha kusukwa, kilichofukizwa ndani kwa kaa linalowaka. Chombo kisipopata moshi, maziwa hayafiki adhuhuri kabla ya kuharibika. Siku nne tulimpa kikombe, siku nne akakirudisha na kugeukia ukuta. Nilimshika mkono, ukawa mwepesi kama kijiti. Nikaapa kwamba mvua nyingine haitanikuta mikono mitupu.

Shule niliiachia darasa la saba, lakini kuota sikuacha. Mvua ilipokatika nilitafuta pipa bovu la mafuta, nikalitoboa matundu chini, nikashika panga na kuingia kwenye mathenge, ule mti wa miiba unaotuzibia njia na kuozesha meno ya mbuzi.

Adeer, kaka yake baba, akanikuta huko, fimbo mabegani.

"Walahi, binti wa watu wa ngamia anachoma makaa? Hiyo ni kazi ya walioishiwa mifugo!"

"Mti wa malisho siugusi, adeer. Nakata mathenge peke yake."

"Watu watasema tumefilisika."

"Waseme, midomo ni yao. Mimi namtaka ayeeyo wangu anywe."

"Ayeeyo wako ni mama yangu mimi!"

"Basi shika panga, adeer."

Hakushika. Akaondoka akinung'unika. Kisimani wanawake walinipokea kwa vicheko: "Abaayo, dada yetu, wewe utaolewa na pipa!"

"Afadhali," nikawajibu. "Pipa halioi mke wa pili."

Pipa la kwanza liliniaibisha. Nililijaza mathenge, nikawasha, kisha nikaziba mfuniko na matundu kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ngamia, kama tunavyokandika nyumba. Nani asingefanya hivyo kwetu? Samadi ikakauka, ikashika moto, udongo ukapasuka na hewa ikaingia. Nilipofungua nikakuta majivu matupu. Adeer akachungulia ndani, akasema, "Mashallah, umetengeneza chokaa." Nililia nyuma ya zizi la mbuzi mpaka mbuzi mmoja akaanza kutafuna shela yangu. Nikaona, eh, hata kulia hapa hakuna nafasi.

Nikakata tena. Safari hii niliungoja moshi mzito mweupe upungue, uwe mwembamba wa bluu, ndipo nikaziba kwa mchanga mbichi wa lagani, ule mkondo wa mto wa msimu, bila chembe ya samadi. Vidole viliniwasha kufungua, nikavikalia. Kesho yake pipa lilikuwa baridi. Makaa yalitoka meusi, makavu, ukigonganisha mawili yanalia kama vigae. Nilichoma hivyo mpaka nikajaza magunia matatu, nikayapandisha juu ya mbao na kuyafunika turubai.

Mvua ilirudi, barabara ikakatika tena. Nilifukiza dhiil kwa kaa la mathenge kwa wasiwasi, maana ayeeyo maisha yake yote alifukiza kwa mti mwingine, ule aliotumia mama yake. Nikamimina maziwa. Adeer alikuwa amesimama mlangoni, kanzu inatiririka maji.

Ayeeyo akanusa. Akaninusa na mimi.

"Huu moshi siujui," akasema.

"Ni wa mathenge, ayeeyo. Nimeuchoma mwenyewe."

Akanusa tena. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni kama anayesikiliza kitu. Kisha akamaliza kikombe chote na kuninyooshea.

"Moshi mgeni," akasema. "Tia kingine."

Adeer akasogea karibu na sikio langu. "Watu wakiuliza, sema makaa tulinunua."

"Nitasema nilichoma, adeer. Na mti wenyewe nitautaja."

Nikamimina kikombe cha pili.