Makala za shoga yangu nimezificha kwenye droo, naye anadhani zimekataliwa

Mhariri, tafadhali lifiche jina langu. Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina mume na watoto wanne, nakaa Shika Adabu, Likoni. Kila asubuhi navuka feri kwenda mjini, ambako napiga taipu katika ofisi moja ya mizigo. Sina shida ya mume wala ya mawifi. Shida yangu ni wivu, na nausema mapema ili msihangaike kuutafutia jina zuri.

Tangu shuleni napenda kuandika. Mwaka jana gazeti moja dogo la hapa Pwani lilinipa nafasi ya nusu ukurasa kila wiki. Nilifurahi kupita kiasi. Lakini niandike nini? Nikirudi kazini kuna chakula cha kupika, sare za kufua, mume naye anataka maji ya kuoga. Kwa hiyo nikawa naandika saa ya chakula cha mchana, chochote kilichonijia. Wiki hii malaria, wiki ijayo mapenzi, mara siasa, mara mapishi ya pweza. Mhariri wa gazeti lile, mzee mpole, akaniita akaniambia, "Mwanangu, kalamu unayo. Lakini leo daktari, kesho mpishi, kesho kutwa mbunge. Msomaji akikutafuta akupate wapi?" Akanipa miezi mitatu nitafute jambo moja nilishike, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Nina shoga yangu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Aliacha shule darasa la saba, na kazi yake ni kukaanga mahamri na viazi karai barazani kwake. Nilimweleza dhiki yangu kwa sababu hatufichani. Siku chache baadaye akaniletea karatasi za daftari alizoziandika kwa mkono, anaona haya kama bibi harusi. Akaniomba nimpigie taipu nimfikishie yule mzee, maadamu mimi ndiye ninayevuka. Nikazipokea huku nasema moyoni, na huyu naye!

Alikuwa ameandika habari za sahani. Nyinyi wa Pwani mnajua kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Basi alieleza jinsi sahani yake moja ilivyozunguka mtaa mzima mwezi wa Ramadhani, ikatoka na kaimati ikarudi na tambi, ikatoka na samaki ikarudi na maembe. Halafu akamtaja jirani mmoja ambaye siku hiyo hakuwa na kitu, akaona aibu kuirudisha tupu, akaweka ndimu mbili. Jirani huyo ni mimi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mimi nimezunguka dunia nzima kutafuta la kuandika, kumbe mwenzangu amelichukua jikoni kwangu. Ndimu zangu, sifa zake.

Hiyo ya kwanza niliifikisha, hilo msininyime. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Ilipotoka, mtaa mzima uliizungumza. Mume wangu, ambaye hajawahi kusoma hata mstari wangu mmoja, aliisoma mara mbili mbele yangu huku anakunywa chai. Hapo ndipo roho iliponiuma hasa.

Shoga akaleta ya pili, ya tatu, na ya nne. Sikupiga taipu hata moja. Nilizisukuma kwenye droo ya meza yangu ofisini, chini ya karatasi za kaboni. Kila akiuliza nikamwambia mzee bado anasoma. Mwishowe nikamwambia zimekataliwa. Uongo huo niliusema huku natafuna mahamri yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

Wiki iliyopita akaja kwangu, akakaa, akaniambia, "Shoga, mimi basi. Ile ya mwanzo ilikuwa bahati tu. Wewe umesoma, zichukue hizo habari za sahani uandike wewe. Wallahi sitaona vibaya."

Alinipa habari, wasomaji, hakunipa maneno yake. Lakini miezi mitatu ilikuwa inakwisha. Nilifungua droo nikatoa moja, ile ya mwanamke aliyepelekewa pilau na mtu waliyenuniana naye, nikabadilisha majina mawili nikaweka langu chini. Mzee aliisoma akaniambia, "Sasa nimekupata." Nafasi akanipa moja kwa moja. Itatoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao.

Nilipomwambia shoga kwamba nimepewa nafasi, alinikumbatia akalia. Sikujua niweke wapi mikono yangu. Tangu siku hiyo anawatangazia wateja wake kwamba Ijumaa hiyo asiondoke mtu barazani, atawasomea makala yangu yeye mwenyewe, kwa sauti.

Bado naweza kuvuka nikaiondoe, lakini nikiiondoa nafasi imekwenda, na najua itakwenda kwa nani. Nikiiacha, ataufikia mstari wa pili mbele ya watu na kuyatambua maneno yake. Na mnisamehe, hata sasa ninapoandika haya, kinachoniuma zaidi ni kwamba ameandika vizuri kunishinda. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?