Fizikia Katika Banda la Majani Chai

Vyuo vikuu vilipofungwa kwa sababu ya mgomo, wanafunzi walirudi nyumbani na mabegi ya vitabu. Kila mzazi wa upande wetu wa Merigi aliyapokea mabegi hayo kwa heshima, akayapandisha juu ya kabati, kisha akampa mwenye begi kikapu cha kuchumia chai. Nafikiri hiyo ndiyo sababu halisi ya watu kuipenda fizikia ghafla.

Wakati huo nilikuwa karani wa kupima majani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, bado sijaanza tabia yangu ya kuhamahama, na ufunguo wa banda ulikuwa mfukoni mwangu. Banda lilikuwa na mabati juu, wavu pembeni, meza ndefu ya kuchambulia majani, na mizani ya kuning'inia yenye uso wa mviringo kama saa ya ukutani. Lori la kiwanda likishabeba majani, pale palibaki harufu tu.

Aliyekuja kuniomba banda alikuwa kijana wa kutoka kule ziwani, mtoto wa fundi wa boila kiwandani. Alikuwa amehitimu fizikia na bado anangoja kuajiriwa.

"Omera, ndugu yangu, nipe hiyo meza mchana niwafundishie hawa wenzetu fizikia," aliniambia. "Wewe unalinda nini hapa, upepo?"

Nikampa. Hakukuwa na kujiandikisha wala saa maalum, ukija, umekuja. Swali lako unalimwaga mezani kama mkulima anavyomwaga kikapu, na wote wanalichambua. Kwenye chai tunakubali majani mawili na chipukizi. Yaliyokomaa yanarudi na mwenyewe. Kwa fizikia ikawa vivyo hivyo. Mtu akiandika hatua isiyo na sababu, wenzake walipiga kelele: "Hiyo imekomaa! Rudi nayo nyumbani!"

Aliyerudishiwa nyingi kuliko wote ni msichana wa Siongiroi, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake karibu na banda. Kwao ni kwa ng'ombe na mahindi, kwa hiyo kikapu cha chai alikivaa kama mtu aliyefungiwa mbuzi mgongoni. Alikuwa ameanguka karatasi ya nguvu na mwendo. Chuo kikifunguliwa angefanya mtihani wa marudio, wenyewe waliuita sapu, na akianguka tena, masomo yameisha. Babake hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kuna nafasi ya cherehani kwenye veranda ya duka moja sokoni, na kwamba hapo jua halifiki. Veranda hiyo ilimtisha kuliko mtihani.

Swali lililomshinda lilihusu mtu aliyesimama juu ya mizani ndani ya lifti. Hakuna aliyeijua lifti isipokuwa mwalimu wetu, yule kijana wa ziwani, ambaye aliwahi kuipanda mara moja Nairobi, akarudi chini kwa ngazi.

"Ikienda juu, mtu anakuwa mzito," msichana alisema.

"Kila wakati?"

"Kila wakati. Si anapanda?"

"Imekomaa!" wakaitikia wote.

Mwalimu akatundika jiwe kwenye mizani, akaitundika mizani kwenye mti wa kubebea mizigo, na vijana wawili wakashika huo mti mabegani. Wakachuchumaa, wakainuka, wakachuchumaa tena, mshale ukirukaruka. Kwa bahati mbaya kogo mmoja, nyanya wa jirani yetu, alikuwa amefuata kikapu alichosahau asubuhi. Alifika wakati jiwe linashuka. Akaona mshale umepungua. Akanitazama mimi, akachukua kikapu chake, akaenda bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyetaka kutundika mzigo.

"Karani," mzee wa mbele akaniuliza, "leo hiyo mizani inapanda ama inashuka?"

"Imefungwa kwa kamba kwenye boriti, mzee. Itashuka namna gani?"

"Tumesikia iko na namna."

"Jiwe!" kogo akasema kutoka nyuma. "Jiwe limekonda nikiona. Majani je?"

Mwalimu alikuwa hajafika. Msichana wa Siongiroi alikuwa kwenye foleni na mzigo wa shangazi yake. Aliutua, akaja mbele, akawaita vijana wawili, akaomba mizani ishushwe kutoka kwenye boriti, itundikwe tena kwenye ule mti wa mabegani. Nilitaka kukataa, lakini lori lilikuwa njiani.

Akaanza kuwaeleza kwa Kipsigis. Kikapu kikapandishwa polepole, kwa mwendo mmoja, na wazee wakasogeza macho karibu na mshale.

"Mnaona? Mwanzo wakiinua, unaruka. Wakishashika mwendo wao, mzigo ni ule ule. Kupanda peke yake hakuongezi kitu."

Aliposema hivyo akageuza kichwa, kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe kutoka chumba kingine.

"Na wakisimama?" kogo akauliza.

Hilo hakuna aliyekuwa amelimwaga mezani. Msichana alifikiri, mkono ukiwa shingoni. Foleni nzima ilimngoja.

"Wakiwa wanapanda, halafu wasimame, unapungua, kogo. Kisha unarudi pale pale."

"Jaribuni."

Wakajaribu. Ukapungua, ukarudi. Kogo akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Basi karani afunge vizuri hiyo kamba," akasukuma mzigo wake kuwa wa kwanza. Nikageuka, nikamwona mwalimu amesimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Umefika saa ngapi?" nikamuuliza.

"Kabla ya swali la kogo. Nilitaka kujibu, nikaona ningekosea."

Chuo kikafunguliwa, wakaenda wote, na banda likabaki na harufu yake. Mimi pia niliondoka baadaye: Chepseon, Naivasha, Voi, miji ambayo huwa naipenda vizuri zaidi nikishaihama. Lakini kabla sijaondoka, asubuhi moja shangazi wa yule msichana alitua mzigo wake mbele yangu, akangoja mshale utulie, hakuutazama.

"Kuna salamu zako kutoka chuoni," alisema. "Ile veranda babake ampe mtu mwingine. Na amesema tukuangalie sana ukishika hiyo kamba."