Shimo la Cresensia

Ukiwauliza wazee wa Baray kwa nini nguzo ya nne ya paneli za zahanati iling'oka ile masika ya themanini na sita, watakuambia, "Ah, lile lilikuwa shimo la Cresensia." Mimi nilikuwepo. Kila nikisikia hivyo damu inanichemka.

Cresensia alikuwa ameolewa na mtoto wa Bartolomeo, balozi wetu wa nyumba kumi. Mwanamke mfupi, ulimi mkali, mikono isiyojua kupumzika. Alikuwa ananyonyesha binti yake wa kwanza, Marsela, surua ilipoanza kuzoa watoto upande wa ziwani. Zahanati haikuwa na umeme wa kutunzia chanjo. Basi wafadhili wakaleta friji ya kutumia jua, na paneli zake zikahitaji nguzo nne za chuma zilizosimikwa barabara, maana udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga: kiangazi unapasuka, masika unavimba na kutapika kila kilichofukiwa juujuu.

Ikapigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kila balozi shimo moja. Fundi Raphaeli, bwana mrefu kama mkaratusi, alisema, "Chimbeni hadi kifuani," akapanda Landrova kwenda Karatu kutafuta saruji, ambayo miaka ile ilipatikana kwa kubembeleza.

Ulikuwa msimu wa vitunguu. Mabalozi wengine walitoa vijana wao. Bartolomeo akasema wanaume wake wako shambani, akamtuma mkwewe. Cresensia akamlaza mtoto kivulini, akachimba peke yake kutwa nzima mpaka ukingo ukamfika kifuani. Raphaeli aliporudi alikuwa na haraka zake. Akasimamisha nguzo, akamimina zege. Nguzo ya nne ikabaki imechomoza kuliko wenzake, akaikata kichwa kwa msumeno, akasema sasa ziko sawa. Fundi mzima!

Mvua ikaja. Udongo ukavimba, ukaisukuma juu ile nguzo, fremu ikajipinda na paneli zikapasuka. Friji ikazima. Chanjo zikaharibika kabla zamu ya Marsela haijafika, na surua ikamkuta. Ilimwachia uhai, ikamchukulia macho yote mawili.

Na baraza la kijiji, badala ya kumpa pole mzazi, likamwita kumshtaki. Mwenyekiti, ndani ya kaunda suti iliyopigwa pasi, akasema, "Mama Marsela, uzembe wako umetutia aibu mbele ya wafadhili. Omba radhi."

Bartolomeo akatazama viatu vyake. Raphaeli naye katulia kama maji mtungini. Niliwachukia wote wawili.

Cresensia akasimama, mtoto mgongoni. "Niliambiwa hadi kifuani, nikachimba hadi kifuani. Sina kifua kingine. Vifua vyenu vilikuwa wapi siku ile?"

Akawageukia mabalozi, mmoja baada ya mwingine.

"Nauliza, wazee wangu! Vilikuwa wapi?"

Mwenyekiti akagonga meza, akaamuru shimo lichimbwe upya, na alichimbe yeye.

"Sawa, nitachimba. Ila leo kipimo ni wewe, mwenyekiti. Twende."

Wanaume wakaanza kucheka, kisha wakaona sisi wanawake tumeinuka na majembe. Hakuna aliyethubutu kutuzuia. Tukachimba kwa zamu, kando ya shimo la zamani, na kila tulipopumzika Cresensia alimnyooshea mwenyekiti kidole: shuka. Naye alishuka. Angefanyaje, kijiji kizima kinamtazama? Matope yakaila ile kaunda suti mpaka rangi yake ikapotea.

Ukingo ulipomfika kifuani, alinyoosha mkono ili avutwe atoke.

Cresensia akamtia jembe mkononi. "Bado," akasema. "Udongo mgumu, usiovimba, hatujaufikia. Chimba, baba."