Mdogo Wangu na Maji ya Moto

Mume wangu aliniambia wodini, siku mbili baada ya upasuaji wa kujifungua, nikiwa bado siwezi kugeuka kitandani bila kushika mshono.

"Nimemwomba mdogo wako aje akusaidie. Amekubali."

Nilimvuta mtoto karibu na kifua, kana kwamba mtu tayari amenyoosha mkono kumchukua.

Huyo mdogo wangu wa kike nilimlea mwenyewe. Mama yetu alifariki akimzaa, huko Njombe, nami nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimbeba mgongoni nikienda kuchota maji, nikamfundisha kusali kabla ya kula, na nilipopata kazi ya ualimu Dar nikaja naye. Hata nilipoolewa na kuhamia Gongo la Mboto, sikumwacha.

Alikuwa na miaka kumi na tisa siku alipoipua sufuria ya maji ya ugali, akaiweka chini uani, akaenda getini kuongea na rafiki yake. Dakika mbili tu, alisema baadaye. Binti yangu, wa miaka miwili wakati huo, akaiendea ile sufuria. Aliungua bega na mkono wote wa kushoto. Tulilazwa wiki sita. Tuliporudi nyumbani nilimkuta mdogo wangu amepiga magoti sebuleni, analia. Nikamwambia, "Mama alikufa bure kukuzaa wewe." Kisha nikamwonyesha mlango.

Alikwenda Kigamboni, akapata kazi kwa fundi cherehani. Kwa miaka mitano hatukuongea. Kanisani, kila tukifika kwenye sala ya Bwana, pale pa kuomba kusamehewa kama tunavyosamehe, mie nilikuwa nanyamaza na kujifanya nakohoa. Nilimwogopa Mungu, ndiyo, ila niliogopa zaidi kwamba nikimsamehe mdogo wangu nitalazimika kumpa tena mtoto mkononi.

Na sasa alikuwa ananisubiri nyumbani.

"Shikamoo, dada," alisema mlangoni, macho chini.

"Marahaba."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya siku nzima. Alifua nguo za mtoto, alinichotea maji ya kuoga, alinipikia mtori wa ndizi. Sikumnyima salamu wala chakula, nikajiambia kwamba huo ndio msamaha. Lakini mtoto sikumwacha amguse. Akimsogelea, mimi nilikuwa nimeshamnyanyua, mshono ukiuma au usiume. Mume wangu aliona. Siku moja aliniuliza, "Umemsamehe, au umemruhusu tu kufua?" Nilikasirika, nikamgeuzia mgongo.

Likizo ya uzazi ikaisha. Shule ninayofundisha iko Kipawa, mume wangu anatoka alfajiri, na hatukuwa na mtu mwingine. Jumatatu ya kwanza nilikamua maziwa, nikaacha maji ya moto ya kuyapashia kwenye chupa ya chai, nikarudia maelekezo mara tatu. Nilipomkabidhi mtoto, mikono yangu haikutaka kuachia. Siku hiyo nilipiga simu mara tisa. Jumanne mara saba. Nilikuwa nafundisha kugawanya huku masikio yangu yako nyumbani.

Alhamisi, saa nne, simu haikupatikana. Nilijaribu tena mapumzikoni. Haipatikani. Saa tano na nusu chaki ilinidondoka, nikawa naona uani kwangu, naona mvuke. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikachukua bodaboda, na njia nzima sikuweza kusali sala ndefu. Nilikuwa nasema tu, "Bwana, si tena. Bwana, si tena."

Mlango ulikuwa wazi. Mdogo wangu alikuwa ameketi mkekani katikati ya sebule, mtoto amelala mapajani mwake. Alishtuka kuniona.

"Simu!" nilisema, pumzi zikinipaa. "Simu yako!"

"Imeisha chaji, dada. Umeme umekatika tangu asubuhi. Nisamehe."

Nilimchukua mtoto, nikamkagua kichwa, mikono, mgongo. Mzima, hata hakuamka. Ndipo nikaona jikoni kupo kama nilivyokuacha: sufuria kavu, hakuna kikombe kilichotumika.

"Hujanywa hata chai?"

"Siwashi moto nikiwa naye peke yangu."

"Tangu Jumatatu?"

"Tangu Jumatatu. Nakula mkate, au nakusubiri." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Naogopa, dada. Naogopa kuliko unavyoogopa wewe."

Nilikaa chini pale pale. Miaka mitano nilikuwa nimehesabu kosa lake moja, la dakika mbili. Langu lilikuwa la kukusudia. Nililichagua neno ambalo nilijua litamchoma kuliko yote, nikalisema.

"Yale niliyokuambia kuhusu mama," nilianza. "Si kweli. Hayakuwa kweli hata nilipokuwa nayasema. Naomba unisamehe."

"Nilishakusamehe," alisema. "Nilisali hadi nikaweza. Ila bado yananiuma, dada, hasa siku yangu ya kuzaliwa. Usidhani nikinyamaza nimekuwekea kinyongo. Ni kidonda tu."

"Na mimi ni hivyo hivyo," nilimwambia. "Nimekusamehe, na bado naogopa."

Lilikuwa jambo la kweli la kwanza kuambiana tangu arudi. Nilimrudishia mtoto, nikaenda kuwasha gesi na kumpikia chai.

Binti yangu alirudi kutoka shule jasho likimtiririka. Joto likizidi, kovu lake humwasha, na kwa miaka yote hiyo ni mimi peke yangu niliyekuwa nalipaka mafuta ya nazi. Nilikuwa nimebeba nguo za kuanika. Akavua sweta, akamsogezea mama yake mdogo bega.

"Mama mdogo, nipake wewe. Polepole."

Mdogo wangu aliniangalia. Niliitikia kwa kichwa. Vidole vyake viligusa taratibu ile ngozi iliyokunjamana, na binti yangu akacheka kwamba anamtekenya.

Nikatoka uani. Nilianika nguo tatu, kisha nikachungulia dirishani. Hadi leo nachungulia, ingawa si mara nyingi kama zamani.