Nilimshonea mbwa wetu mkanda wa kifuani kama ninavyowamba ngoma, nusura nimuue

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Naona humu watu wanaulizana mikanda ya ngozi ya mbwa wa kazi, ipi ni imara. Nami nina langu, na sitatia chumvi. Lenyewe linaniaibisha vya kutosha.

Ni miaka ya themanini, Bweranyange, huku kwetu Karagwe. Nilikuwa nimeoa juzijuzi tu. Mke wangu, Koku, alikuja kwangu na mbwa wake jike mwekundu, anaitwa Subirini. Kwetu jina la mbwa ni salamu kwa majirani, mwenye masikio anasikia.

Shamba letu lilipakana na pori. Nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mahindi, na Koku ana mimba ya kwanza.

Subirini alikuwa ananusa na kutuongoza walikojificha, mimi nyuma nimeshika kamba. Ila kamba ya shingoni ilimkaba, akivuta anakohoa. Nikasema nitamshonea mkanda wa kifuani.

Sasa mjue, kazi yangu ilikuwa kuwamba ngoma za kanisani. Ngozi mimi naijua! Ndivyo nilivyojidanganya.

Nikaloweka ngozi mbichi ya mbuzi, nikamkaza nayo kifuani na kwapani ingali majimaji, nikaishona moja kwa moja. Ngoma huwambwa hivyo, ngozi ikikauka inajikaza yenyewe. Nikamwacha juani, nikaenda zangu kanisani.

Alasiri narudi, namkuta Koku kapiga magoti uani, anaukata ule mkanda kwa kisu cha kumenyea ndizi huku analia. Subirini kalala ubavu, pumzi fupifupi, kwapani nyama inaonekana. Mbwa wa aina yake si wa kubweka hovyo. Aliumia kimya mchana kutwa.

"Amekukosea nini?" Koku akaniuliza.

Nililia, wakuu, mtu mzima na ndevu zangu.

Siku tatu Subirini hakula. Koku ananijibu ya lazima tu. Siku ya nne akaja baba mkwe, mfugaji, kwa miguu kutoka Kihanga. Akaangalia vidonda, kisha akaugonga ule mkanda kwa kucha. Ukalia ko, ko.

"Mwanangu," akasema, "ngoma haipumui. Mbwa anapumua."

Afadhali angenifokea!

Akanielekeza: chukua ngozi ya ng'ombe iliyokwisha kulainishwa, uifikiche kwa samli mpaka ikunjike kama kitambaa. Iwe pana kifuani, ikae mbali na kwapa, iwe na bizimu ya kulegeza. Vidole viwili vipite chini yake. Jasho ulifute kila mkitoka kazini, na ikilowa uianike kivulini, wala usiisogeze jikoni.

Nilishona wiki nzima. Vidonda nikawa naviosha mwenyewe kwa maji ya chumvi, na taratibu akaanza kula. Lakini akiniona na mkanda tu, huyo uvunguni. Haki yake kabisa.

Nguruwe wanakula mahindi, sisi tunagonga madebe. Nilitaka kumvuta kwa nguvu, Koku akanikatalia. "Mwache. Ataamua mwenyewe."

Basi kila asubuhi nikawa nakaa uani, mkanda magotini, bila kumwita.

Ikapita kama mwezi. Siku hiyo akaja mwenyewe. Akanusa mkanda, akanusa mikono yangu weee, halafu akaingiza kichwa. Sikuthubutu hata kufunga bizimu. Nikamwita Koku polepole.

Koku akaifunga. Kisha akanishika mkono, akapitisha vidole vyangu viwili chini ya ngozi. Hakuwa amenigusa tangu siku ile.

"Vinapita," akasema. Na mkono wangu hakuuachia.

Somo nililopata: ufundi wa kitu kimoja usikupe kiburi cha kingine. Na pima kwa vidole kila siku, hata kama jana ulipima.

Wenye mbwa wa kazi, nyie ngozi mnailainisha kwa kitu gani siku hizi? Na aliyewahi kumuumiza mnyama wake bila kukusudia, akasamehewa, naomba aseme hapa. Nisijione niko peke yangu.