Kura ya Verna Iliyotoka Bila Shimizi

Verna Hrabosky aliwapikia watoto wa shule ya mji wao mdogo wa Pennsylvania mpaka akastaafu, na katika ndoa yake yote hakuwahi kumwambia mumewe, Emil, anampigia nani kura. Emil naye hakusema. Posta ikishaleta karatasi za kura, walikaa meza ileile ya jikoni, wakasimamisha boksi la nafaka katikati, kila mtu akajaza yake upande wake.

"Usichungulie, mzee."

"Nichungulie nini? Kwani sikujui?"

"Hunijui hata kidogo."

Mwaka huu walimaliza, wakafunga bahasha, wakatia sahihi, wakaziegemeza kwenye chupa ya siki. Emil akaenda kutafuta viatu ili wakazitumbukize kwenye sanduku la kura la kaunti. Verna akaona bora akunje kwanza mikate yake yenye kokwa za jozi, maana unga ulishaumuka. Alipoinua ubao wa kukandia, akaona bahasha ndogo nyeupe imenata chini yake. Tupu.

Kwao kura huvaa nguo mbili. Bahasha ya ndani haina jina, ili anayehesabu asijue kura ni ya nani. Ya nje ndiyo yenye jina na sahihi. Kura isiyo na ile ya ndani hutupwa. Watu huiita kura uchi.

"Emil! Umesahau bahasha ya ndani!"

"Kwa nini iwe mimi?"

"Nani alikwenda kanisani na viatu viwili tofauti?"

"Vyote vilikuwa vyeusi!"

Zote mbili zilikwishafungwa, na kuifungua bahasha ni kuichana. Watachana ipi? Emil akaichukua ya kwake, kisha akanyoosha mkono kwenye ya mkewe.

"Nizimulike kwenye taa kidogo?"

"Thubutu!"

Verna hakuwa akitania. Hajakosa uchaguzi hata mmoja tangu usichana wake. Mwaka aliozaliwa binti yao alikwenda kituo cha kura tumbo limeshuka, akiegemea ukuta kila uchungu ulipomshika, na jioni yake akajifungua. Leo kura itupwe kwa ajili ya unga wa mikate?

Macho yake yakaangukia mzani wa jikoni. Akaufuta, akaweka bahasha ya Emil, akasoma. Akaweka ya kwake. Ilikuwa nyepesi zaidi.

"Mzani huu mbovu," akasema.

"Pima tena."

Akapima tena. Emil akajitupa kitini, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Bibie, kura yako imetoka bila shimizi!"

Verna alitaka kununa, akashindwa. Akamchapa kwa kitambaa cha vyombo huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Walipofika, ofisi ya kaunti ilikuwa karibu kufungwa. Karani, binti mchangamfu aitwaye Shanelle, aliipokea bahasha, akaipiga muhuri wa kufutwa bila kuifungua, akampa karatasi mpya na bahasha zake mbili.

"Jazia hapo pembeni, mama."

Pembeni penyewe palikuwa kando ya foleni ya watu. Emil akavua koti lake, akalinyanyua kama pazia mbele ya mkewe, akageuza uso ukutani na kuanza kupiga mluzi.

"Mkono unashuka, mzee."

"Koti zito! Andika upesi, hiyo si barua ya mapenzi."

Foleni nzima ikacheka. Verna akajaza bila haraka, akakunja, akaitia kwenye bahasha ndogo, akaipapasa, akaifunga, kisha akaitia kwenye kubwa na kuweka sahihi.

"Una hakika umeiweka ya ndani?" Shanelle akauliza.

"Ningejua ningebeba mzani," akajibu Emil.

Wakazitumbukiza sandukuni kwa pamoja, kila mtu yake. Verna aliisikia ya kwake ikitua, akashusha pumzi ndefu, akamshika mumewe mkono kama walipokuwa wachumba.

Garini Emil akawasha injini. "Basi, tena umempa yule yule?"

"Yupi?"

Emil akaanza kutamka jina, akajiuma ulimi.

"Nusura useme!" Verna akapiga makofi. "Endesha, mzee. Mikate yangu itaumuka mpaka sakafuni."