Wimbo wa Usingizi wa Kwanza

Incoronata Di Biase alikanda mikate ya kijiji chetu miaka mingi mno, hata alipostaafu mikono yake haikujua pa kukaa. Ilikuwa ikitafuta unga hata kanisani. Jirani yake Gesualda, ambaye hatulii nyumbani hata umfungie kwa kufuli, ndiye aliyemburuta kwenda kwenye masomo ya Kilatini ya wazee, mchana, katika ukumbi wa parokia.

"Kilatini cha nini, Gesualda? Nikaongee na nani, maiti?"

"Ukumbi una joto, mwenzangu, na wewe kwako kuni unazibana kama dhahabu. Vaa koti twende."

Wakaenda. Mwalimu alikuwa Profesa Quirino, mstaafu mwenye shati safi na subira haba. Hakutaka kuona mtu anaandika. Alifundisha kwa vitu: aliinua kikombe, akagonga meza, akamvuta Gesualda sikio, na kila kitu kikapata jina lake, wazee wakiitikia kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Incoronata alinogewa. Alirudi nyumbani akiita chumvi na maji kwa majina mapya, paka akimkodolea macho.

Mchana mmoja profesa alifungua sanduku la sanamu za Krismasi lililokuwa pale ukumbini, akamtoa mtoto Yesu wa plasta.

"Puer," akasema. Mtoto.

Akamlaza mezani. "Iacet." Amelala.

"Hayo nayajua!" Incoronata akadakia, furaha imemjaa. "Hayo tunayaimba!"

"Safi sana," profesa akasema, akavuta chungu cha mrehani kilichokuwa dirishani, akachota kidogo kwa vidole. "Humus." Udongo. Kisha akatoa leso mfukoni akamfunika yule mtoto mwili mzima, uso na yote. "Tegit." Anafunika.

Incoronata aliacha kuitikia.

Kwetu, mjukuu akiletwa nyumbani kwa bibi yake kwa mara ya kwanza, hakuna anayegusa chakula mpaka bibi amwimbie alale. Wimbo ni mmoja tu, ule ule ambao mama naye humwimbia mwanawe, na ni wa Kilatini. Hatukufundishwa na padri; wanawake wameupokea kwa wanawake, kwa masikio. Iace, puer, sub humo, mater te tegit. Katika maneno yote hayo tulikuwa tunaambulia moja, mater, kwa sababu limekaribiana na jina letu la mama. Basi tukajua anayetajwa ni Mama Maria, tukaridhika. Nani akae aulize maana ya wimbo wa kubembelezea mtoto?

Sasa Incoronata aliusikia wote, neno kwa neno. Lala, mtoto, chini ya udongo, mama anakufunika.

Alimwimbia binti yake Loredana wimbo huo. Na kabla ya Loredana alimwimbia Donato, mtoto wake wa kwanza, kila siku, kwa sauti yake tamu ya ujana. Donato alikutwa amekufa kitandani katika majira yake ya kwanza ya baridi, hana homa, hana kikohozi, na mpaka leo hakuna daktari aliyesema kwa nini.

"We, una nini?" Gesualda akamshika mkono. "Umekuwa mweupe kama unga!"

"Nilimzika," Incoronata akasema. "Nilimzika yuko hai."

Gesualda alidhani mwenzake amepigwa na kiharusi. Akapiga kelele waletewe maji, profesa akamwaga mrehani, masomo yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo Incoronata alitembea kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua. Na Jumapili ilikuwa inakuja. Loredana alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Nevio, na Jumapili ndiyo alikuwa anamleta kutoka mjini Pescara alale usingizi wa kwanza kwa bibi. Incoronata alishika simu mara kadhaa ili adanganye kwamba anaumwa. Hakuweza. Alimtaka sana huyo mtoto.

Wakafika. Mwanakondoo aliyeokwa alikuwa mezani, anatoa mvuke, na mkwe mwenye njaa anamtazama kwa mapenzi zaidi kuliko alivyomtazama mkewe. Kichwani mwa meza alikaa Celestina, dada mkubwa wa marehemu mama yake Incoronata, kikongwe mwenye ulimi mkali na meno machache. Nevio alikuwa analia.

"Haya, mama," Loredana akasema. "Mwimbie."

"Mwache alie. Kulia kunapanua mapafu."

"Imba, mwanangu, nyama inapoa," Celestina akasema. "Mimi sina umri wa kusubiri."

"Siimbi."

"Huimbi? Umekuwa nani sasa, mwanamuziki wa kulipwa?"

"Siimbi, Mama Mkubwa! Ule ni wimbo wa kuzikia! Unamlaza mtoto chini ya udongo! Nimeusoma, kila neno, nimeonyeshwa kwa macho yangu!" Akamgeukia binti yake. "Nilimwimbia Donato."

Loredana akamkumbatia Nevio kifuani kwa nguvu, kama kuna mtu anayetaka kumnyang'anya. Mkwe aliweka uma chini. Celestina peke yake ndiye hakushtuka. Alijifuta mdomo taratibu.

"Ndiyo," akasema. "Ni wa kuzikia."

"Ulijua?"

"Wangu nimewazika kwa wimbo huo huo. Nisijue?"

Incoronata alikunja ngumi. Alitaka kumpiga yule bibi kizee, Mungu amsamehe.

"Hapo zamani waliimbiwa waliokufa tu," Celestina akaendelea. "Baada yangu mimi, nyanya yako alizaa, akazika. Akazaa, akazika. Huyu wa mwisho alipozaliwa, hakungoja. Akamwimbia akiwa mzima, ananyonya. Akasema mtoa roho akipita mlangoni akasikia wimbo huu, atadhani hapa kazi imeshafanyika, ataenda zake. Yule mtoto ndiye mama yako. Basi na sisi tukamfuata."

Nevio alikuwa bado analia. Hakuna aliyembembeleza.

"Na Donato?" Incoronata akauliza. "Donato nilimwimbia. Kila siku nilimwimbia."

Celestina alimtazama, na ule ukali wake wote ukamtoka.

"Uliimba, mwanangu. Nilikuwa nakusikia. Siku nyingine mtoa roho hasikii."

Incoronata alianza kulia, na mikono yake ile mikubwa ikabaki imelala juu ya mapaja, viganja wazi. Loredana aliinuka kutoka kwenye kiti chake, uso umemkauka kwa woga, akazunguka meza, akamweka Nevio mikononi humo.

"Basi imba kwa sauti kubwa, mama," akasema.